Maswali ya Wasomaji: Fimbo za Skii za Kuvukia Uwanda wa Juu

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu kutoka Drammen, Norwe. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, na huu ni mwaka wangu wa sita katika nchi hii. Kwa majira matatu ya baridi nimejifunza kuteleza kwa skii katika njia zinazotengenezwa kwa mashine, na sasa wenzangu wa kazini wamenialika tuvuke sehemu ya Hardangervidda wakati wa Pasaka: tutashuka treni Finse, tutalala Krækkja, na tutamalizia Haugastøl. Skii pana zenye kingo za chuma nitaazimwa, lakini fimbo nimeambiwa nijitafutie mwenyewe. Urefu wangu ni sentimita 172. Fimbo nilizo nazo ni za kaboni, zenye sentimita 145, na ni nyepesi sana. Je, zitanifaa? Kama hazifai, nichague zipi?
Msomaji, Drammen

JIBU: Ndugu yetu, fimbo hizo ziache nyumbani. Si mbaya hata kidogo, lakini zilitengenezwa kwa ajili ya theluji iliyoshindiliwa, ambako ncha hukita mahali pagumu na kung'oka papo hapo, na ambako mtu aliyevunjikiwa na fimbo anaweza kujikokota hadi kituo cha basi. Hardangervidda ni uwanda ulio juu ya mpaka wa miti. Stesheni ya Finse iko mita 1,222 kutoka usawa wa bahari, na ukishaiacha kuelekea Krækkja hutaona mti wa kukata tawi ulifanye fimbo ya dharura. Vijiti utakavyoviona vimechomekwa katika theluji kwa mstari ndivyo vinavyowaonyesha wasafiri njia, na havigusiki. Kwa hiyo unapoingia dukani usitangulize swali la uzito. Uliza kwanza kama fimbo hiyo itakubeba juu ya theluji laini, na kama utaweza kuitengeneza ukiwa umevaa glavu na upepo unavuma.

Anza kuikagua kutokea chini, kwenye kile kisahani kilicho juu kidogo ya ncha. Katika fimbo zako za sasa nadhani ni kidogo, kimekatwa kama nusu mwezi, na upana wake ni sentimita chache tu. Ukikitumia katika theluji ambayo haijapitiwa na mashine, fimbo itazama hadi usawa wa goti kila unapoisukuma, mwili utapinda upande mmoja, na nguvu uliyokusudia ikupeleke mbele itaishia kwenye kazi ya kuing'oa. Kwa safari yako tafuta kisahani cha mviringo chenye upana wa sentimita 8 hadi 10 hivi, kilichotengenezwa kwa plastiki inayobaki laini katika baridi kali, na chenye matundu ya kupitisha theluji. Kishike kwa vidole ukipinde: kinapaswa kuinama kidogo kufuata mteremko, kisha kirudi mahali pake. Kilicho kigumu kabisa hunasa chini ya ganda la barafu unapovuta fimbo, na mara nyingi hapo ndipo kinapochomoka na kubaki huko chini. Wanorwe waliotumia fimbo za mwanzi walilijua jambo hili vizuri, maana walifunga duara pana chini ya fimbo kwa kamba za ngozi, nalo lilicheza kufuata theluji. Ikiwa fedha zako ni kidogo na huwezi kuzingatia kila nilichoandika hapa, zingatia kisahani.

Kuhusu urefu, utasikia ushauri unaopingana, na kila upande una hoja yake. Katika njia iliyotengenezwa, mtu anayeteleza kwa mtindo wa kawaida hutumia fimbo yenye takribani asilimia 83 ya urefu wake, ndiyo maana ukauziwa zinazokaribia hapo. Mlimani wengi husema punguza, kwa sababu utapanda, utakata miteremko kwa upande, na utakuwa na mzigo mgongoni, na fimbo ndefu huyachosha mabega pale mkono unapoinuliwa mno. Hilo ni kweli, lakini theluji laini nayo humeza sentimita kadhaa za fimbo hata ikiwa na kisahani kipana, hivyo aliyepunguza kupita kiasi hujikuta anatembea ameinama kama anayepalilia. Kwako wewe ningependekeza sentimita 135 hadi 140 kwa sehemu tambarare, ambazo ndizo nyingi katika njia mtakayopita, na uweze kuzishusha hadi 120 hivi kwa kupanda kukali au kwa mteremko mrefu. Maana yake ni kwamba ununue fimbo inayorefuka na kufupika, na iwe ya vipande viwili tu.

Hapo ndipo linapokuja suala la kikazio. Kuna fimbo zinazokazwa kwa kusokota kipande kimoja ndani ya kingine, na kuna zile zenye kikazio cha nje kinachofunguliwa na kufungwa kwa kidole, mfano wa kile cha kiti cha baiskeli. Chukua za aina ya pili. Ile ya kusokota hushikiliwa na kidude cha plastiki kilicho ndani ya bomba, usipokiona. Unyevu ukiingia na kuganda, kidude hicho huteleza badala ya kuuma, na fimbo hujifupisha yenyewe wakati uleule unapoiegemea kwa uzito wako wote. Kikazio cha nje unakiona, unakifuta barafu, na kikilegea unakaza skrubu yake. Kila jioni mtakapofika nyumba ya wasafiri, vitenganishe vipande, uvifute na uviache wazi vikauke, kwa sababu maji yaliyobaki ndani ndiyo yatakayokuwa barafu asubuhi.

Sasa kuhusu kaboni na alumini. Kaboni ni nyepesi na ni ngumu, na katika njia yenye mifereji raha yake haina mfano. Udhaifu wake ni kwamba haivumilii mkwaruzo. Skii utakazoazimwa zina kingo za chuma, na mtu anayejifunza kuteremka na mkoba mgongoni ataanguka tu, fimbo na skii zikigongana. Niliwahi kupoteza fimbo ya kaboni kwa namna hiyo. Niliangukia ubavu, ukingo wa skii ukaigusa, nikaitazama nisione lolote la kunitia wasiwasi. Baada ya saa moja hivi, nilipoiegemea kupanda kilima kidogo, ilikatika katikati kwa mlio mkavu, na nyuzi zake zikasimama kama miiba. Saa tano zilizofuata nilisukuma kwa mkono mmoja dhidi ya upepo, na bega langu lilinikumbusha safari hiyo kwa wiki nzima. Alumini hupinda kabla ya kukatika, na iliyopinda unaweza kuinyoosha polepole juu ya goti na kuendelea nayo. Uzito unaoongezeka, ambao ni gramu kadhaa kwa kila fimbo, ni gharama ninayoilipa kwa moyo mweupe.

Hata alumini inaweza kukatika, kwa hiyo beba zana ndogo za kuitengeneza: kipande cha bati nene la alumini lenye urefu wa kiganja, lililokunjwa kama mfereji ili likumbatie fimbo mahali ilipovunjika, vibano viwili vya chuma vya aina ile inayokazia mipira ya maji kwenye magari, na bisibisi yake. Ongeza utepe wa gundi wa kitambaa, ambao si lazima ubebe kibunda chake kizima, kwani unaweza kuuzungushia kwenye fimbo yenyewe chini ya mpini. Kibebe pia kisahani kimoja cha akiba. Vyote hivi hujaa kiganja kimoja.

Kwenye mpini, gamba la mti, ile nyenzo inayotumiwa kutengeneza vizibo vya chupa, halinyonyi joto la mkono kama plastiki ngumu. Hakikisha pia kwamba chini ya mpini kuna sponji ngumu ya kushikia, maana unapokata mteremko kwa upande mkono wa upande wa juu hushuka chini ya mpini, na kushika bomba tupu la alumini katika baridi ni adhabu. Mkanda wa mkononi uwe mpana na urekebishike, nawe uujaribu dukani ukiwa umevaa glavu zako nene zaidi. Mikanda ya fimbo za mashindano, inayofungwa kama glavu ndogo, haikubali glavu nene na ni taabu kuivua kwa vidole vilivyokufa ganzi. Ingiza mkono kutokea chini ya mkanda, kisha ushike mkanda pamoja na mpini. Hapo nguvu hupita kwenye mkanda na vidole vinaweza kulegea na kupata damu. Lakini mkipita chini ya miteremko mikali, vua mikanda kabisa, kwa sababu poromoko la theluji likimkumba mtu, fimbo zilizofungwa mikononi humvuta chini.

SWALI: Mhariri, kabla ya kuhamia Uswidi nilikuwa mwongozaji wa wageni Mlima Kilimanjaro, na bado ninazo fimbo zangu za kupandia, za vipande vitatu. Je, naweza kuzitumia kwa skii porini, au ni lazima ninunue nyingine? Urefu wangu ni sentimita 165.
Msomaji, Östersund

JIBU: Kwa safari ya kujaribu ya siku moja, karibu na nyumbani, zitumie bila wasiwasi, mradi upate kisahani kipana kinachoingia kwenye nyuzi za ncha yake. Kile kidogo ulichokuwa nacho kwenye vumbi na mawe ya Kilimanjaro hakitakusaidia chochote kwenye theluji. Tazama alama za urefu: nyingi za aina hiyo huishia sentimita 130 au 135, kiasi ambacho kwa kimo chako kinatosha, ingawa mtu mrefu zaidi angepata shida. Kinachonizuia kukushauri uzitegemee kwa siku kadhaa ni vile vipande vitatu. Mpanda mlima hutua fimbo ili apunguzie magoti mzigo, ilhali mwenye skii huisukuma nyuma kwa nguvu maelfu ya mara kwa siku, na kila kiungo cha ziada ni mahali pengine pa kuteleza, kuganda au kukatika. Zijaribu nyumbani: zirefushe, zikaze, kisha uegemee kila moja kwa uzito wako wote mara kumi. Ikijifupisha hata kwa sentimita moja, itumie kwa matembezi ya kiangazi tu.