Kabla ya Kuilaumu Leza, Itazame Lenzi

Juma lililopita kijana mmoja wa Ilemela aliniuliza kwa ujumbe afanyeje ili ajue, kwa kutumia leza, kama taa za enajiseva zinazotupwa jalalani zina zebaki, ile ile ambayo wachimbaji wadogo wa Geita huitumia kunasia dhahabu. Nilitabasamu, kisha moyo ukaniuma, kwa sababu swali hilo ndilo lililowahi kuniaibisha mbele za watu.

Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili. Niliomba taa kumi na mbili zilizoungua katika nyumba za kulala wageni za Kirumba, nikazivunja maabara chini ya bomba la kufyonza hewa, nikaanza kuupiga leza ule unga mweupe uliopakwa ndani ya mrija. Kila pigo hudumu nanosekunde chache tu, lakini chembe ya unga hugeuka plazma, yaani gesi inayong'aa, yenye joto la maelfu ya nyuzi, na kila elementi iliyomo hutoa mwanga wa urefu wake wa wimbi. Kulisikika mlio mdogo, ta, kama chumvi motoni, na kwenye skrini ikasimama mistari ya sodiamu, nanomita 589.0 na 589.6, mirefu kama milingoti. Zebaki sikuiona, nami nikatangaza mbele ya jopo kwamba haimo.

Mwalimu mmoja akauliza lenzi yangu ni ya kioo gani. Nilipojibu kwamba ni ya kioo cha kawaida, ukumbi ulicheka. Mstari mkuu wa zebaki uko kwenye nanomita 253.7, katika urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, na kioo cha kawaida hakiupitishi; ndiyo maana taa hiyo haituunguzi macho sebuleni, kwani unga huigeuza miali hiyo kuwa mwanga wa kuonekana, na inayoponyoka hukwama kwenye mrija. Jibu nilikuwa nimelishika mkononi mara kumi na mbili. Hata sodiamu niliyojivunia ilikuwa ya kioo chenyewe, pengine na jasho la vidole vyangu. Wawili kati ya waliocheka walikuwa wakipita mezani pangu kila siku, lenzi ikiwa mbele yao, bila kusema neno, na jambo hilo halijanitoka.

Niliazima lenzi ya kwatsi, inayopitisha urujuanimno, nikaichelewesha kamera inayorekodi mwanga takriban mikrosekunde moja ili mng'aro wa mwanzo upungue, na mstari ukajitokeza, mwembamba lakini wazi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kagua lenzi, kagua na uzi unaopeleka mwanga kwenye kipimo, maana nao una kioo. Piga kwanza kipande cha mrija kisicho na unga, ujue mistari ipi ni ya kioo chenyewe. Vaa miwani ya leza, kwa kuwa mwali wa nanomita 1064 hauonekani, na jicho halitapata nafasi ya kupepesa. Vijana mnapenda kupiga picha cheche mkazirushe mitandaoni, ilhali hamjui mwanga umepitia kioo gani hadi kuwafikia. Acheni haraka, kagueni lenzi. Usipouona mstari wa zebaki, niandikie tena, lakini anza kwa kuniambia lenzi yako ni ya kioo gani.