Motokari hulia?

Mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia hivi: "Mwalimu, jambo. Tuko na Hiace ya mazuti [dizeli] ya kubeba watu. Ikisimama, moteri ikiwa inawaka, iko inalia. Nilifika kwa mekanisie nikamwambia iko inafanya makelele. Akaniuliza, 'Makelele ya namna gani, mama?' Nikakosa neno. Mtoto wangu aliyesoma Dar es Salaam anasema motokari hailii, anayelia ni mtu; ati niseme gari linanguruma. Tufuate nani? Na ile hali ya motokari kusimama moteri ikiwaka, Kiswahili sanifu kinaiitaje?"

Jambo sana, mama. Usikubali kunyang'anywa kitenzi chako. Kulia si kwa machozi peke yake. Kengele ya kanisa inalia, simu inalia, bunduki inalia, ndege wanalia alfajiri. Nomino yake ni mlio: mlio wa risasi, mlio wa ngoma, mlio wa honi. Motokari inalia, kwa hiyo, ni Kiswahili safi hapa kwetu, Dar es Salaam na hata Unguja.

Tena kitenzi hicho kimezaa kingine ambacho fundi anakihitaji kila siku: kuliza. Inayolia ni motokari. Kinachoiliza ni kile kilicholegea, kilichokauka au kilichochakaa. Kazi nzima ya garaji ni kutafuta kinacholiza.

Kijana wako naye hakubuni neno. Kunguruma ni sauti nzito inayotoka ndani na kuendelea, kama ya simba au ya radi, na hata injini isiyo na kasoro hunguruma hivyo. Shida ni kwamba ukimwambia fundi "gari linanguruma", umemwambia tu kwamba linawaka. Neno hilo linakuwa malalamiko pale tu unapoongeza kipimo: "linanguruma kuliko zamani". Hapo fundi ataenda moja kwa moja kuangalia kama bomba la moshi limetoboka.

Lililokuponza ni makelele. Kelele haielezi sauti ilivyo, inaeleza kero ya anayeisikia. Watoto wakiimba uani, wao wanaimba, na jirani aliyelala anasikia kelele. Mekanisie alipouliza "ya namna gani" hakuwa anakudharau. Alikuwa anaomba kitenzi.

Na vitenzi tunavyo, vingi, vyenye mipaka ambayo ningependa watu wetu waijue. Chukua kugonga na kugota. Unagonga msumari kwa nyundo, lakini unagota mlango kwa kifundo cha kidole. Ukikirudia kitenzi, kugotagota, umesema ni kwepesi na kunajirudia. Sasa isikilize injini. Ikigotagota juu, tik-tik-tik, huenda mafuta ya injini yamepungua au nafasi ya vali imepanuka. Ichomoe fimbo ya kupimia mafuta kabla ya jambo lolote. Ikigonga chini, kwa sauti nzito kama nyundo iliyofungwa kitambaa, zima mara moja wala usiipeleke hata mwisho wa avenue, kwa sababu huenda ni beringi za mkono wa pistoni, na kila mzunguko unaongeza hasara. Herufi chache za tofauti, mama, ndizo zinazotenganisha lita moja ya mafuta na injini mpya.

Ila moteri ya mazuti hugotagota kwa asili yake. Mazuti hayawashwi na cheche ya bugi, ile ambayo Tanzania wanaiita plagi. Huwaka yenyewe kwa joto la hewa iliyobanwa, na mwako huo hupiga, hasa asubuhi ikiwa baridi. Kwa Hiace yenu neno la kwanza la kumwambia fundi liwe "imebadilika" au "haijabadilika". Dereva wenu ndiye anayejua.

Mlio mwembamba wa juu, ule wa kwiii, mara nyingi unatoka kwenye mkanda, ambao mafundi wetu wanauita kuruwa, unapoteleza juu ya puli, yale magurudumu madogo unayoyazunguka. Huwa mkali motokari ikiwashwa tu, kisha hufifia. Fundi huunyunyizia maji kidogo: mlio ukibadilika, mkanda au kinachoukaza ndicho kinacholiza. Mwachie yeye kazi hiyo. Mkono au ncha ya kitenge haitakiwi karibu na mkanda unaozunguka. Kusaga ni jambo jingine. Husikika kama mawe mawili yanayosuguana, na huelekeza kwenye beringi kavu, labda ya alternateri, ile inayochaji betri, au ya pampu ya maji.

Kuna neno la zamani ninalolipenda kuliko yote haya, nalo ni kutika. Wengi tunalijua kwa methali tu: debe shinda, yaani lisilojaa, haliachi kutika. Kutika ni kucheza na kutoa sauti kwa kitu kilicholegea au chenye nafasi tupu ndani. Bati linalokinga joto juu ya bomba la moshi, boliti zake zikiwa zimelegezwa na mashimo ya barabara, hutika motokari ikiwa imesimama na hunyamaza ukikanyaga mafuta. Hakuna neno lingine la Kiswahili linaloikamata sauti hiyo vizuri hivyo, nasi tumelifungia ndani ya methali.

Usione haya pia kumtolea fundi sauti yenyewe kwa mdomo. Tanakali za sauti ni sehemu ya lugha yetu, zina nafasi yake katika sarufi: jiwe likatumbukia chubwi, watu wakanyamaza ji. "Inalia kwiii" imekamilika kama sentensi yoyote.

Ila sauti peke yake haitoshi. Fundi anataka kujua lini, na hapo sarufi inafanya kazi kuliko msamiati. Kiambishi -ki- ndicho chombo chako. Chukua ambreyaji, ile ambayo Tanzania wanaiita klachi. "Gia ikiwa huru, nikikanyaga ambreyaji inanyamaza" humpeleka fundi kwenye beringi ya sanduku la gia. "Nikikanyaga ndipo inaanza" humpeleka kwenye beringi ya ambreyaji yenyewe. Nacho hu- husema mazoea: hulia asubuhi, hailii jioni.

Kuhusu "iko inalia", ni yetu, na ina maana yake ya sasa hivi, jambo likiendelea. Itumie nyumbani na garajini. Ukiandika Kiswahili sanifu, "inalia" inatosha. Na kijana akisema gari, aendelee na linalia, motokari inalia.

Ile hali ya kusimama moteri ikiwaka, mafundi wa hapa wanaiita ralanti, kutoka Kifaransa, na wenzao wa Tanzania wanaiita sailensi. Hilo la pili silipendi sana, maana linakaribiana mno na sailensa, chombo cha bomba la moshi, na mteja anaweza kununuliwa kitu kisichohitajika. Garajini sema ralanti. Katika maandishi mimi huifungua tu: "gari likiwa limesimama, injini ikiwaka". Ni ndefu, lakini hakuna atakayeikosa.

Hiace yenu sijaisikia. Kesho asubuhi, kabla dereva hajaenda kupakia, mwambie aiwashe, usimame mbele kidogo, kisha kando, kisha nyuma kwenye bomba la moshi. Halafu umwambie mekanisie kwa mpangilio huu, ukibadilisha kitenzi kulingana na ulichosikia: "Papa, motokari ikiwa kwenye ralanti inatika upande wa nyuma. Hutika ikiwa baridi na ikipata moto. Dereva akikanyaga mafuta, inanyamaza."