Jibu: Usaili wiki ijayo Chake Chake, na nina kigugumizi

Waalaykum salaam mdogo wangu. Umeuliza kama uwaambie wasaili mapema kwamba una kigugumizi, au ukae kimya uombe wasigundue. Waambie. Mimi ninacho tangu skuli ya msingi, na sasa napokea wageni hotelini Nungwi, mwaka wa saba huu.

Usaili wangu wa kwanza nilikificha. Nikaulizwa jina, nalo laanza na K. Ulimi ukagota, jasho likanitoka, mmoja wao akanimalizia kwa jina lisilo langu, nami nikaitikia. Liliniuma miezi. Uliofuata nilianza hivi: "Nina kigugumizi. Nikikwama nisubirini kidogo, nitamaliza." Mabega yakashuka papo hapo, yangu na yao.

Usikimbilie neno jingine kila unapohisi kukwama, jibu litapinda wasijue ulitaka kusema nini. Toa pumzi, lianze neno taratibu, mtazame aliyekuuliza. Na mazoezi yafanye kwa sauti mbele ya mtu, si kichwani. Jina lako ndilo la kurudia zaidi.

Wala si upungufu wa akili. Takriban mtu mzima 1 katika 100 anacho. Joe Biden alikua nacho akafika kuwa Rais wa Marekani. Nabii Musa naye aliomba afunguliwe fundo la ulimi, isome Surat Twaha.

Simu bado hunitesa, kwa hiyo mambo marefu huwathibitishia wageni kwa maandishi. Bosi anajua.

Ijumaa nitakuwa Pemba. Ukitaka nikusaili mara mbili tatu, niandikie.