Maswali na majibu: Spineli ina jina lake

Mjomba amerudi kutoka Mahenge na jiwe jekundu. Sonara mmoja wa Kariakoo kalitazama, akasema si rubi, ni "spineli tu". Ndiyo tumeula wa chuya? (Msomaji, Mbagala)

Hilo neno "tu" limewatia hasara watu wengi. Spineli si rubi iliyopungua kitu. Ni madini mengine: rubi ni aluminiamu na oksijeni, spineli ina magnesi pia. Zote mbili hupata wekundu kutokana na kromiamu, na zote hupatikana kwenye miamba ya marumaru, ndiyo maana shimo moja huweza kutoa zote.

Wahenga wa vito walilijua hili. Katika karne ya 11 mwanazuoni al-Biruni alipima mawe kwa maji, akaiandika la'l, yaani spineli, mbali na yakuti, yaani rubi. Ulaya ilisubiri hadi 1783, Mfaransa mtaalamu wa madini, Romé de l'Isle, alipozitenganisha. Ndiyo maana ile "rubi" kubwa ya Black Prince, iliyo mbele kwenye taji la kifalme la Uingereza, ni spineli ya karati zipatazo 170. Wafalme walivaa spineli kwa fahari, halafu sisi tunaotoka nchi inayoichimba tunaiita "tu"!

Mwaka 2007, Ipanko, hapo hapo Mahenge, zilichimbuliwa fuwele kubwa ajabu, moja ikizidi kilo 50. Sehemu kubwa ilikuwa na nyufa, lakini vipande safi vilikuwa na wekundu wa waridi unaowaka kama kaa la moto. Tangu hapo jina la Mahenge linatajwa na wanunuzi wa vito duniani kote. Mwambie mjomba asiuze ndani ya gari wala hotelini. Aende soko la madini, auze kwa mwenye leseni, na asikubali bei ya kwanza.

Nikikutumia picha utaniambia bei? (Wengi mno)

Hapana. Nimeshajibu hili mara nyingi. Picha haionyeshi uzito wala nyufa za ndani, na rangi hubadilika kwa kila simu. Anayekutajia bei kwa picha anakutega.

Jiwe langu limekwaruza kioo. Ni rubi? (Temeke)

Hata kwatzi, madini ya kawaida kabisa, hukwaruza kioo. Acheni mchezo huo, mnaharibu kingo za mawe mazuri.

Nyumbani naweza kutofautisha rubi na spineli? (Sinza)

Kama jiwe halijafungwa kwenye pete na una mizani nyeti ya sonara, ndiyo. Lipime likiwa kavu. Kisha lining'inize kwa uzi mwembamba ndani ya maji, lisiguse chombo, ulipime tena. Gawanya uzito wa kwanza kwa uzito uliopungua. Ukipata karibu 3.6, huenda ni spineli. Karibu 4, huenda ni rubi. Jiwe dogo sana litakudanganya, maana kosa dogo la mizani hubadilisha jibu. Tena kipimo hiki hakitambui jiwe lililotengenezwa kiwandani. Kabla ya kutoa fedha nyingi, nenda kwa mtaalamu mwenye rifraktomita (kifaa cha kupima jinsi jiwe linavyopinda mwanga) na hadubini.

Ni kweli spineli ni kito cha Agosti? (Tegeta)

Kweli, iliongezwa 2016 na vyama vya wafanyabiashara wa vito Marekani. Usilipe hata shilingi ya ziada kwa sababu ya mwezi.

Nimenunua pete ya spineli ya bluu kwa elfu thelathini. Nimepata bahati? (Ilala)

Kwa bei hiyo, karibu hakika ni ya kiwandani. Spineli imekuwa ikitengenezwa kwa kuyeyusha unga kwenye mwali wa moto tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na ya bluu imetumika miaka mingi kuigiza vito vingine. Kuivaa si kosa. Kosa ni kuuziwa kama ya ardhini. Rudi na risiti, mwambie muuzaji aandike neno "asilia" na asaini. Akikataa, dai fedha zako siku hiyo hiyo.