Maswali yenu: Faker, shule na mkono unaouma

Novemba 2025 timu ya T1 ya Korea Kusini ilitwaa tena ubingwa wa dunia wa League of Legends, gemu ya kompyuta ya watano kwa watano, safari hii huko Chengdu, China. Tangu hapo maswali mengi mnayoniletea yanamhusu mtu mmoja: Lee Sang-hyeok, maarufu kama Faker.

Mwanangu ana miaka 16. Anasema Faker aliacha shule akafanikiwa, naye anataka kuacha. Nimjibu nini? (Mama, Morogoro)

Shikamoo mama. Faker aliacha sekondari, hilo kweli. Ila mwanao ameruka mwanzo wa hadithi. Kabla ya hapo Faker alikuwa ameshapanda hadi kileleni mwa orodha ya wachezaji wa seva ya Korea (kompyuta kuu inayowaunganisha wachezaji), akitumia jina ambalo halikujulikana, na timu ya SK Telecom, ndiyo T1 ya leo, ndiyo iliyomfuata. Aprili 2013 akacheza mechi yake ya kwanza ya ligi akiwa na miaka 16. Oktoba mwaka huohuo alikuwa bingwa wa dunia, kule Los Angeles. Basi muulize kijana: ni timu gani imekupigia simu? Mkataba uko wapi? Akiuleta kweli, usome na mwanasheria kabla hujatia saini. Asipouleta, kesho asubuhi sare ya shule ipigwe pasi.

Bingwa anaondoka na zawadi yote? (Kijana wa Kigamboni)

Wanagawana, mdogo wangu. Mwaka 2015 Sumail Hassan, mzaliwa wa Karachi aliyekuwa na miaka 16, alishinda The International, mashindano makubwa ya gemu ya Dota 2, mjini Seattle akiwa na timu ya Evil Geniuses. Timu ilipata zaidi ya dola milioni 6.6, na wachezaji walikuwa watano. Ni utajiri, sibishi. Lakini kombe hilo hajalitwaa tena hadi leo. Kinachomlisha mchezaji mwezi hadi mwezi ni mshahara wa timu, na mshahara huo unategemea sana wadhamini. Wakijitoa, hata timu yenye makombe kabatini inaweza kuvunjwa.

Nina miaka 23. Naambiwa katika gemu mtu wa miaka 25 ni mzee. (J., Mombasa)

Faker alizaliwa Mei 1996, kwa hiyo Chengdu alicheza akiwa na miaka 29, na mkataba wake unafika 2029. Umri wenyewe haumtoi mtu. Mimi ningeogopa mkono zaidi. Mwaka 2023 alikaa nje wiki kadhaa kwa maumivu ya mkono, na bila yeye T1 ikapigwa karibu kila mechi. Akarudi Agosti. Novemba, pale Gocheok Sky Dome mjini Seoul, wakaichapa timu ya Weibo Gaming ya China 3-0 kwenye fainali ya dunia.

Hilo lilikuwa taji lake la kwanza la dunia tangu 2016. Mwaka 2017 alifungwa fainali 3-0 mjini Beijing akalia palepale jukwaani, na 2018 timu haikufuzu kabisa. Watu wanapenda kusimulia yule mtoto wa 2013; mimi naona miaka hii saba ya kukosa ndiyo iliyoonyesha uanataaluma wake. Wewe kiganja kikianza kufa ganzi, nenda kwa mtaalamu wa viungo, usimeze dawa ukaendelea.

Ni kweli Faker alisamehewa jeshi, ambalo kwao ni lazima kwa wanaume? (Abdul, Muscat)

Ndiyo, kwa dhahabu ya League katika Michezo ya Asia ya Hangzhou, China, 2023. Mafunzo mafupi ya kijeshi hayakwepeki hata hivyo.

Na sisi wa huku? (Wengi mmeuliza)

Mkenya Sylvia Gathoni, kwa jina la gemu QueenArrow, alisajiliwa na timu ya Marekani kwa kucheza Tekken, gemu ya kupigana, huku akisomea sheria. Hakuacha chuo. Na tazama gemu yenyewe: Tekken wawili wanaweza kukaa kwenye mashine moja, bega kwa bega. League inategemea seva, na ikiwa seva iko Ulaya, kila unachobonyeza kinasafiri hadi huko na kurudi, mpinzani ameshakupiga. Kwa hiyo anza na mashindano ya ana kwa ana mjini kwako, na hela ya kiti cha gemu chenye taa ilipie kwanza intaneti ya faiba.