Weka msasa chini kwanza, tuongee

Juzi kuna kijana kaniandikia inbox, "Bro nimepata upanga wa mwanajeshi wa zamani, umejaa kutu, nianze na msasa namba ngapi?" Nimeisoma ile meseji tumbo likanikata kabisa, maana ndo swali lilelile nilijiuliza miaka tisa iliyopita, tofauti ni kwamba mimi sikumuuliza mtu, nilijijibu mwenyewe.

Upanga wangu wa kwanza niliupata mnadani. Wa afisa wa askari wa miguu wa Uingereza, modeli ya 1897, kinga ya mkono imetobolewatobolewa kama nakshi za dirisha na katikati kuna taji na herufi za VR. VR ni Malkia Victoria, na Victoria kafariki Januari 1901, kwahiyo kinga ya 1897 yenye VR imetengenezwa ndani ya miaka minne hivi, hesabu rahisi tu. Ila hayo nimeyajua baadaye. Siku ile nilichoona ni kutu, na nilichotaka ni upanga ung'ae, niutundike ukutani wageni wakiingia washtuke.

Nikaazima mashine ya kupolishi. Wikiendi nzima. Nilianza na msasa namba 80 (naandika hii nimefumba jicho moja), nikapanda mpaka ile laini kabisa, nikamalizia na pasta, Jumapili jioni upanga umekuwa kioo, naona mpaka meno yangu. Picha nilipiga kama hamsini.

Wiki iliyofuata nikaupeleka kwa mzee mmoja mkusanyaji, nategemea sifa si unajua. Akaugeuza huku na huku, hakuongea, akatoa tochi ndogo akailaza pembeni ya ubapa ili mwanga upite mlalo. Hapo ndo nikaona vivuli. Kitu kama majani yamejisokota, kitu kama taji, halafu herufi mbili za jina la mtu, ya kwanza labda J labda T, ya pili umebaki mkia. Akasema, "Kijana, ulinunua upanga ukaurudisha kuwa chuma." Mbele za watu. Na akacheka. Ule ukweli nimeshaukubali jamani, kile kicheko bado.

Maafisa wa Uingereza wakati ule walinunua panga zao kwa hela yao wenyewe, ndo maana unakuta herufi za jina, nembo ya kikosi, au hata alama ya ukoo. Na zile nakshi zilichorwa kwa asidi: ubapa unapakwa kitu cha kuzuia asidi, unachorwa, asidi inakula pale palipoachwa wazi. Hazina kina kabisa, ukipitisha kucha unazihisi kwa mbali tu, sasa msasa namba 80 unazimaliza kabla hujanywa chai.

Halafu kuna namba. Panga nyingi za maafisa kutoka Wilkinson, watengeneza panga wa Uingereza, zina namba kwenye mgongo, karibu na kinga, na kumbukumbu za kiwanda bado zipo, yaani namba peke yake inaweza kukupa mwaka na mara nyingi jina la afisa mwenyewe. Yangu ilikuwa na tarakimu tano. Mbili za mwisho nimezila mimi na mashine. Kwahiyo kuna panga 100 ambazo yangu inaweza kuwa mojawapo, na wenye panga hizo wote nimewanyamazisha kwa mkupuo mmoja.

Sasa ushauri, na hauna maajabu: mafuta, kitambaa, subira. Pakaza mafuta mepesi, hata yale ya cherehani, acha ulale nayo, kesho futa. Rudia. Kutu nyekundu inayoacha unga kidoleni ndiyo adui, hiyo kwangua taratibu na kipande cha shaba maana shaba ni laini kuliko chuma cha upanga, ukiwa na mafuta juu. Ile rangi nyeusi au ya kahawia iliyotulia iache, ni umri ule, siyo uchafu. Usishike ubapa kwa vidole vitupu, jasho lina chumvi. Kama ala ni ya ngozi usiuhifadhi upanga ndani yake, ngozi inashika unyevu. Na ukiwa na upanga wa Kijapani usiguse kabisa ile kutu ya shina lililofichwa ndani ya mpini, wajuzi wanasoma umri humohumo. Mengine ni mafuta, kitambaa, subira, nimeshasema.

Mwezi uliopita nimemaliza upanga wa askari wa farasi wa Kifaransa, modeli ya 1822, umepinda, kinga ya shaba yenye matawi matatu. Miezi mitano, hakuna msasa, hakuna mashine. Usiku mmoja nafuta mgongo wake nikaona mstari umeinama kama mwandiko wa mtu, nikaongeza mafuta, kesho yake likatoka neno Châtellerault, kiwanda cha silaha cha serikali, na kabla yake ule ufupisho wa neno "Impériale", yaani cha himaya, maana yake enzi za Napoleon III, kaizari wa Ufaransa, halafu mwezi, halafu 1862. Nilimwamsha mke wangu saa saba usiku. Akaangalia, akasema "hongera," akalala. Wewe unayesoma hapa najua ungekaa na mimi mpaka asubuhi, na ndo maana nakugombeza: sisi ni watunzaji tu, mtu alishika huo mpini kabla yako na mwingine atakuja kuushika, nani kakupa ruhusa ya kufuta jina la mtu ili wageni wako washtuke?

Yule kijana nilimjibu yote haya, meseji ndefu kuliko hii. Kanijibu, "Sawa bro, ila nusu nilishapiga." Nimemwambia asiguse tena, anitumie picha ya nusu iliyobaki, hasa mgongoni karibu na kinga, na tochi ailaze pembeni.