Mjomba, Firefox Mpya Imenifichia Viendelezi Vyangu

Muulize Mjomba, Februari 2018

*Mjomba, shikamoo. Nina stationari hapa Muheza. Natoa kopi, nachapa barua, na napakulia wanafunzi mitihani ya zamani ya kidato cha nne. Miaka sita natumia Firefox kwa sababu ya kitu kimoja tu, DownThemAll. Naunga bando la usiku, naielekeza kwenye ukurasa wenye PDF mia moja, nalala. Asubuhi faili zote zipo. Mwezi wa 11 Firefox ikajisasisha yenyewe. Inafunguka haraka, sikatai, lakini DownThemAll haipo, na sura niliyoizoea haipo. Mdogo wangu anasema nirudishe toleo la 56 halafu nizime masasisho moja kwa moja. Nifanye hivyo? Na kwa nini mtu aje akuharibie kitu ambacho hakijaharibika? Kompyuta zangu ni mbili, moja ina Windows 7, ya pili bado ina XP.*
*Mwenye stationari, Muheza*

Marahaba, mpwa wangu. Usirudi 56. Nimelitanguliza hilo usije ukaitwa na mteja katikati ya jibu, ukaishia kumsikiliza mdogo wako.

Hasira yako lakini ni ya haki, na huko peke yako. Barua za Firefox mwezi huu zimefika tisa, na mbili kati ya hizo siwezi kuzichapa kwa sababu ya lugha.

Toleo lililokufikia ni la 57, lililotoka tarehe 14 Novemba mwaka jana, na Mozilla wamelibatiza Quantum. Kabla yake, kiendelezi cha Firefox, yaani kile kiprogramu cha kukiongezea kivinjari uwezo, kilikuwa kama mpangaji kwenye nyumba zetu hizi za vyumba sita na ukumbi katikati. Ukishalipa kodi, unagonga msumari popote. Huyu ametundika kanga, yule amefunga waya wa redio kwenye kenchi, wa tatu katoboa ukuta apitishe antena. Ndiyo maana DownThemAll iliweza yale maajabu: inalikata faili moja vipande hadi kumi, inavivuta vyote kwa pamoja, na mtandao ukikatika saa tisa usiku inaendelea ilipoishia. Ilikuwa imejifunga kwenye nguzo za nyumba. Sasa siku mwenye nyumba anataka kung'oa nguzo iliyoliwa na mchwa, kila akigusa, kanga ya mtu inaanguka na mtu anapiga kelele.

Na mchwa walikuwepo. Mwaka 2007 nilikuwa na kafe ya intaneti Barabara ya 8, Ngamiani, hapa Tanga. Kompyuta sita, laini moja, feni moja. Vivinjari vya siku zile vilipika kurasa zote ndani ya chungu kimoja. Alikuja mzee mmoja kumwandikia barua pepe binti yake. Alikuwa anaitafuta kila herufi kwa kidole kimoja, akiipata anaiangalia kwanza kwenye kioo kama imekaa, ndipo anaitafuta ya pili. Saa nzima na robo. Kijana aliyemtangulia kwenye kiti alikuwa ameacha wazi, kwenye kichupo cha pembeni, ukurasa wa milio ya simu wenye matangazo yanayorukaruka. Ukurasa ule ukaganda, na kivinjari kizima kikaganda nao. Mzee akaniita kwa upole: "Bwana mdogo, mbona hii imelala?" Nikafunga, nikafungua. Barua haipo. Sikumdai hela, naye hakurudi tena.

Dawa ya ugonjwa ule ni kuzigawa kurasa kwenye vyungu mbalimbali, kimoja kikiungua vingine vinaendelea kuiva. Firefox walianza kugawa kidogo kidogo tangu toleo la 48, Agosti 2016. Chrome walikuwa wamezaliwa nayo mwaka 2008, kwa hiyo pengo lilikuwa la miaka. Lakini kila Mozilla walipogusa ukuta, walikuta kiendelezi cha zamani kimefungwa hapo hapo. Mwisho wakaamua: kuanzia 57, misumari marufuku, kila mpangaji atatundika vitu vyake kwenye ndoano alizoweka mwenye nyumba. Ndoano zenyewe zinaitwa WebExtensions, zinafanana sana na za Chrome. NoScript, kile cha kuzuia skripti za kurasa, ilichelewa siku chache tu, ikaingia na sura mpya. Nyingine hazikuona ndoano ya kuzitosha, zikabaki nje na magodoro yao. Mtengenezaji wa DownThemAll aliandika tangu Agosti 2015, mpango ulipotangazwa tu, kwamba huenda huo ndio mwisho wa kazi yake.

Ndiyo, ulitangazwa 2015. Miaka miwili na ushee. Hapo ndipo nami ninapogombana nao, maana tangazo lilisomwa na mafundi wanaoandika viendelezi. Wewe wa Muheza ulichopata ni kibandiko kidogo kilichojitokeza mwaka jana pembeni ya jina la kiendelezi, kimeandikwa Legacy. Ukitafuta kwenye kamusi utaambiwa ni urithi. Nani angejua kwamba ni notisi ya kuhama?

Sasa kwa nini nakukataza 56. Tarehe 3 Januari mwaka huu dunia iliambiwa kuna kasoro mbili kwenye vichakato vya kompyuta, Meltdown na Spectre. Si za Firefox, ni za kile kipande cha silikoni chenyewe, cha Intel na cha wengine pia. Ukurasa wa wavuti wenye nia mbaya ungeweza kupima muda kwa uangalifu mkubwa na kwa vipimo hivyo ukabahatisha yaliyomo kwenye memori, nywila zikiwemo. Kesho yake, tarehe 4, Mozilla wakatoa 57.0.4. Walichofanya ni kuifanya saa inayoonwa na kurasa iwe nzito kidogo: badala ya kuhesabu kila mikrosekunde 5, ihesabu kila 20. Mwizi kanyang'anywa saa nzuri. Toleo la 56 halikupewa dawa hiyo na halitapewa, na wewe kwenye kompyuta hiyo hiyo wateja wanafungua akaunti zao.

Kama DownThemAll ndiyo riziki yako, kuna njia ya halali. Mozilla wana toleo linaloitwa ESR, la maofisi yasiyopenda mabadiliko ya kila wiki sita hadi nane. La sasa ni 52, linapokea viendelezi vya zamani na bado linapewa dawa za usalama. Hiyo ya saa iliingia kwenye 52.6, tarehe 23 Januari. Kompyuta yako ya XP tayari imehamishiwa huko yenyewe, maana 52 ndiyo ya mwisho kwa XP na Vista, na wenyewe wametangaza kwamba huduma kwa mashine hizo ni hadi Juni mwaka huu. Kwa hiyo hapo unapata miezi, hupati miaka. Ziada ya hapo, XP yenyewe Microsoft walioitengeneza waliisusa tangu 2014, na sisemi zaidi, mpwa wangu, unajua ninachotaka kusema.

Kabla hujasakinisha ESR kwenye ile ya Windows 7, sikiliza hapa vizuri. Matoleo mapya yamebadilisha namna ya kuhifadhi vitu vyako, na la zamani likiyafungua mafaili hayo linaweza kuyavuruga. Hamisha kwanza alamisho zako kama faili la HTML, liweke kwenye flashi. Kisha anzisha Firefox kwa amri ya firefox -P, utengeneze wasifu mpya (profile, yaani kabati lake la mipangilio) kwa ajili ya ESR. Ukiruka hatua hii usiniandikie tena, nitalia.

Na kwa kuwa miezi itakwisha, anza kuzoea wget. Ni programu huria ya mradi wa GNU, ipo tangu 1996, haina kitufe wala picha, unaiandikia tu. Mimi nikitaka PDF zote za ukurasa mmoja naandika:

wget -c -r -l 1 -A pdf

kisha anwani ya ukurasa. Hiyo -c ndiyo inayoendelea ilipoishia umeme ukikatika. Wiki ya kwanza utaichukia. Andika amri yenyewe kwenye karatasi, ibandike juu ya kioo. Haikati faili vipande kumi kama rafiki yako, kwa hiyo bando la usiku libane vizuri.

*Mjomba, mimi ni mwanafunzi Dodoma, laptop yangu ina memori ya GB 2. Naambiwa Firefox mpya ni nyepesi mara mbili. Mbona yangu ikifika vichupo vinane inahema?*

Walichosema ni kasi mara mbili ya Firefox ya mwaka mmoja nyuma. Kuhusu memori walisema inatumia pungufu ya asilimia 30 kulinganisha na Chrome. Vipimo ni vya mwenye mali, vipokee hivyo.

Kasi ipo, nimeiona hata kwenye kimeo changu cha 2010. Kupanga rangi, ukubwa wa herufi na mahali pa kila kitu kwenye ukurasa ni kazi kama ya kukuna nazi. Zamani kichakato chako kina viini viwili au vinne, lakini anayekuna ni mmoja, wengine wamekaa wanapiga soga. Quantum imeleta mbuzi kwa kila mmoja, wote wanakuna nazi za harusi moja. Sehemu hiyo wanaiita Stylo, imetoka kwenye mradi wa majaribio uitwao Servo, na imeandikwa kwa Rust, lugha waliyoilea Mozilla wenyewe ili kazi za pamoja zisigongane.

Ila vile vyungu nilivyomweleza mwenye stationari, kila kimoja kinakula memori. Nenda kwenye Options, sehemu ya General, shuka hadi Performance, ondoa tiki kwenye mipangilio inayopendekezwa. Chini yake itatokea namba, kwa kawaida ni 4. Weka 2. Ikiendelea kuhema weka 1. Na vichupo vinane vya nini, mwanangu, huku mtihani wiki ijayo?

*Assalaam aleikum, mzee mwenzangu. Niko Mombasa, nimestaafu bandarini. Firefox naijua tangu ikiitwa Phoenix, ikawa Firebird, hata 1.0 ilipotoka Novemba 2004 nilikuwa naigawa kwa CD. Kwa vile ni bure na ni huria, ndiyo watufanyie watakavyo? Tukashtaki wapi?*

Waaleikum salaam. Kumbe na wewe uligawa CD! Mimi nilizichoma mpaka mashine ikachoka.

Shirika lenyewe ni la Mozilla Foundation, lisilogawana faida, la tangu 2003, na sehemu kubwa ya pesa inatoka kwa mitambo ya kutafutia inayolipa iwe chaguo la kwanza. Kwenye 57 hiyo hiyo, Google imerudishwa kuwa chaguo la kwanza Marekani badala ya Yahoo. Sisi watumiaji hatulipi, kwa hiyo risiti ya kwenda nayo mahakamani hatuna. Lakini kelele zinafika. Desemba, kabla vumbi la 57 halijatulia, watumiaji wa Marekani walikuta kiendelezi kiitwacho Looking Glass kwenye orodha yao, hawakukiomba, hakijielezi. Watu walidhani wameingiliwa na virusi. Kumbe ni tangazo la mchezo wa kuigiza wa televisheni. Kilele chake Mozilla waliomba radhi na kukiondoa. Tena mwezi mmoja tu baada ya kuwaambia watu viendelezi vyao vimeondolewa kwa ajili ya usalama! Mimi ni mpenzi wao, lakini siku ile nilifunika uso.

Mashtaka ya programu huria ni haya: msimbo uko wazi, asiyeridhika anauchukua anakwenda kujenga kwake. Wamekwishafanya hivyo. Pale Moon ilijitenga tangu 2009, sura ya zamani wameishikilia. Waterfox nayo imesema viendelezi vya zamani itaendelea kuvipokea. Wale wa 57 waliosusa wengi wamekimbilia hizo mbili, na nimezijaribu zote. Zinafanya kazi. Kinachonizuia kukaa huko ni hesabu ya watu: kuziba tundu kama lile la Januari kunataka mafundi wa kulala zamu, na nyumba ya watu wachache haina zamu. Wewe una muda na una ujuzi, jaribu. Benki yako tu usiifungulie huko.

*Mjomba, mwanangu wa darasa la nne anauliza, yule kwenye alama ya Firefox ni mnyama gani? Mimi nimemwambia mbweha, yeye anasema mwalimu kasema panda.*

Wote wawili mko sawa, msigombane. Jina firefox kwa Kiingereza ni la panda mwekundu, anaishi milima ya Himalaya, mkubwa kuliko paka kidogo tu. Aliyechorwa lakini ni mbweha, na kwenye 57 wamemchora upya, mkia umeng'aa zaidi. Mwambie mwalimu Mjomba anamsalimu.